Mlango wa Kushoto Una Kazi

Foleni ya ukaguzi wa magari ilikuwa imeshikana tangu asubuhi, bampa kwa bampa, na jua lilikuwa limeshapanda kiasi cha watu kuanza kugombana kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Katikati ya foleni hiyo gari moja jipya, jeusi, bapa, lenye taa nyembamba zilizokunja uso, lilikuwa limekataa kusogea. Mbele yake palikuwa na nafasi ya magari manne. Nyuma yake palikuwa na honi. Kando yake alisimama mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, anaupapasa mlango wa gari lake mwenyewe kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya kupanga.

Aliyekuwa nyuma yake alivumilia honi tatu, ya nne akashuka.

Watu walimwita Nyundo. Jina hilo alilipata gerejini, likamkaa vizuri, na hakuna aliyehangaika tena kukumbuka alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi bodi, kazi yake kunyoosha magari yaliyobonyea, na gereji aliirithi kwa baba yake pamoja na kila kilichokuwamo, yakiwamo maneno ya watu. Siku hiyo alivaa ovaroli ya buluu iliyokatwa mikono, kitambaa cha njano kichwani na hereni ndefu za fedha, maana hakuwahi kuona kwa nini anayeshika nyundo aache kupendeza. Gari alilokuja nalo lilimzidi umri. Lilikuwa la rangi ya maziwa, la mviringo kila upande, taa zake duara kama visahani vya chai. Lilikuwa na jina pia. Liliitwa Bi Mkubwa.

"Kaka, tatizo nini?"

"Hakuna tatizo, dada."

"Basi songa."

"Nilishuka mara moja kuangalia tairi. Mlango ukajifunga."

"Ufungue."

"Kitasa kimegoma kutoka."

Nyundo aliuangalia mlango. Ulikuwa mweusi mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kitasa chenyewe kiko wapi?"

"Kimefichwa."

"Kimefichwa na nani?"

Yule bwana alimeza mate. "Kinalala ndani ya mlango ili upepo upite vizuri. Ukikaribia na ufunguo kinatoka chenyewe."

"Na ufunguo uko ndani."

"Uko ndani."

"Kwa hiyo gari inajua kabisa kwamba upo hapa. Imeamua tu kukunyamazia."

Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao akacheka mpaka akasahau kupiga honi. Nyundo alitoa mfukoni glavu moja nyembamba ya pamba akaivaa mkono wa kushoto. Mafundi bodi wa zamani hufanya hivyo: kiganja kitupu hunata kwenye bati, lakini kikivaa pamba huteleza na kusikia hata bonyeo ambalo jicho limelikosa. Alifumba macho, akautembeza mkono mlangoni polepole, akasimama mahali palipofanana na pengine pote. Kisha akapiga kipigo kimoja kwa kisigino cha kiganja. Kitasa kikachomoza na vumbi lake.

"Vumbi tu," alisema, akivua glavu. "Mwambie huyo aliyekichora, siku nyingine akumbuke kwamba duniani kuna vumbi."

"Nimeshamwambia."

"Kumbe unamjua?"

"Ndiye mimi."

Nyundo alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akashika boneti ya Bi Mkubwa, na yule bwana, masikio yamemwiva, akaanza kucheka naye. Alikuwa mchoraji katika kiwanda cha kuunda bodi za magari, na hilo jeusi lilikuwa la kwanza kutoka katika mchoro wake. Alilileta ukaguzi mwenyewe kwa sababu hakutaka dereva wa kiwanda aonje raha hiyo kabla yake.

Walipomaliza ukaguzi yule bwana alimfuata, simu mkononi. "Nipe namba yako, Fundi. Siku kikigoma tena."

"Kitagoma tu," alisema Nyundo, akampa. Yeye naye akamwandika kwenye simu yake: Bwana Kitasa.

Kitasa hakikugoma tena, lakini simu ilikuja siku hiyohiyo, saa kumi na moja.

"Bi Mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Anauliza lako limeacha kununa?"

"Halijanuna. Limekaza macho, liko makini."

"Magari yenu yote yamenuna, Bwana Kitasa. Nikikutana nayo barabarani najiuliza nimeyakosea nini."

"Na hayo yenu yameshangaa. Macho duara, mdomo wazi, utadhani yamefumaniwa."

Nyundo aliziba simu kwa kiganja ili asisikike anavyocheka. Wakaendelea hivyo kesho yake, na keshokutwa, mpaka ikawa saa kumi na moja ikifika, fundi anatua nyundo chini na kukaa juu ya tairi kuukuu karibu na simu, huku akijidanganya kwamba anapumzisha mgongo.

Jumamosi Mchoraji akaanza kuja gerejini. Alikuja na viatu visivyofaa, akaondoka navyo vikiwa vimefundishwa adabu. Nyundo alimpa glavu, akamfumba macho kwa kitambaa chake cha njano, akamtembeza mkono kwenye madigadi ya Bi Mkubwa, ile sehemu ya bodi inayopanda juu ya tairi na kushuka upande wa pili.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mkono wako juu ya wangu."

"Acha ujinga. Bati linasema nini?"

Aliurudisha mkono, akaupitisha tena. "Linapanda, halafu linashuka kama halina haraka."

"Hilo ndilo gari," alisema Nyundo. "Aliyelichora alijua kwamba kuna mtu ataliegemea akisubiri mchumba wake. Hayo yako mtu ataegemea wapi? Akiegemea anakatwa."

Alimfundisha pia lugha ya gereji, maana alikuwa anaita kila gari lililoingia pale bovu, na mafundi hawapendi.

"Hapa hatusemi gari ni bovu. Tunasema ina kazi. Hii ina kazi kidogo, mlango tu. Ile pale ina kazi kweli kweli."

"Na mimi?"

Alimpima kuanzia viatu. "Wewe? Wewe una kazi mpaka kwenye chasisi."

"Basi nimefika kwa fundi," alisema yule bwana.

Zamu ya Nyundo kukubali jambo ilikuja kiwandani. Mchoraji alimkaribisha wakati wa mapumziko ya mchana, akamsimamisha kwenye uwanja wa nyuma, pembeni ya lile gari jeusi, akamwambia avae glavu na afumbe macho. Nyundo aliweka mkono penye taa ya mbele. Palikuwa na mkunjo mwembamba pale, ukingo wa bati uliokunjwa. Akaufuata. Ulivuka madigadi, ukaingia mlango wa mbele, ukavuka uwazi wa milango bila kuruka, ukainama kidogo, ukanyanyuka, ukaenda kufia kwenye taa ya nyuma. Mkono wake haukukwaa popote. Miaka yote aliyoshika bati, hakuwahi kusikia kitu kirefu hivyo kikisemwa kwa pumzi moja.

"Mstari huo nimeuchora miaka miwili," Mchoraji alisema nyuma yake. "Nimeufuta zaidi ya mara mia nne. Watu wanadhani kompyuta ndiyo ilifanya."

"Ni mzuri," alisema Nyundo.

"Sema tena."

"Usinichokoze." Alifungua macho. "Mzuri, lakini hauna mtu. Nimetembea mwanzo hadi mwisho, sikukutana na mtu."

"Mimi nimo humo."

"Umejificha vizuri basi. Kama kitasa chako."

Alisema kwa mzaha, lakini njia nzima ya kurudi aliona mkono wake wa kushoto bado unaufuata ule mstari juu ya usukani. Alikuwa amempenda huyu mtu. Alikiri hivyo mwenyewe kwa mwenyewe, kwa hasira kidogo, kwenye taa nyekundu.

Nyumbani alikaa na Shangazi, dada wa baba yake, katika nyumba iliyo nyuma ya gereji. Shangazi alimlea tangu mama yake alipofariki, na tangu hapo hakuwahi kukubali kwamba mtoto wa kike afue nguo zenye grisi.

"Huyo kijana wa kiwandani," alisema siku moja akikunja nguo hizohizo, "huyo ndiye wa kukutoa kwenye masizi."

"Shangazi, mimi sijaomba kutolewa."

"Mwanangu, mikono yako ingekuwa laini saa hizi."

"Laini ya kufanyia nini?"

"Ya kuvishwa pete."

"Kidole kipo. Pete ikija itapita tu, Shangazi. Isipopita, nitainyoosha."

Shangazi alitikisa kichwa. Wote waliotaka kumuoa Nyundo walitaka pia kumwosha kwanza, na kila mmoja alirudishwa alikotoka na ndoo yake. Mchoraji hakuwahi kusema neno juu ya mikono yake. Hicho ndicho kilichomfungua moyo, na hicho ndicho alichokiogopa, kwamba siku moja atasema.

Bi Mkubwa alikuwa na siri moja. Chini ya mlango wake wa kushoto, karibu na ukingo, kulikuwa na mabonyeo kumi na moja, madogo, yamekaa ovyo. Nyundo aliyapiga akiwa na miaka tisa. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya meza unasubiri rangi, baba yake akampa nyundo ndogo akamwambia, "Piga nikuone." Akapiga kumi na moja, yote upande usiopaswa. Baba hakumkemea. Alipaka rangi juu ya yale mabonyeo, na kila mteja aliyeuliza kwa nini fundi bodi anatembelea gari lenye mlango uliobonyea alijibiwa hivyohivyo: "Hiyo ni sahihi ya binti yangu. Mimi sinyooshi sahihi ya mtu." Hiyo ndiyo siku gereji ilipokuwa yake, miaka mingi kabla ya mazishi. Kila asubuhi kabla ya kufungua alipitisha kiganja cha kushoto juu yake, la kwanza hadi la kumi na moja, ndipo akashika kazi.

Hakuwahi kumwambia Mchoraji. Alitaka ayaone mwenyewe, aulize. Wapenzi wana mitihani ya namna hii, wanamtungia mtu maswali bila kumpa karatasi.

Kisha likaja onyesho. Kiwanda kilikuwa kinazindua lile gari jeusi mbele ya wageni wengi, na Mchoraji akapata wazo: liwekwe kando ya Bi Mkubwa, la zamani na jipya ubavu kwa ubavu, watu wajionee wenyewe urembo ulikotoka na ulikofika. Nyundo alikubali siku hiyohiyo. Moyoni aliona ni kama ametambulishwa ukweni. Gari likapelekwa kiwandani siku tano kabla, ili lioshwe na kung'arishwa.

Siku ya pili Mchoraji alipiga simu. Gerejini mashine ya kusaga chuma ilikuwa inalia kama imechinjwa.

"Laazizi, tunaanza kumng'arisha. Kuna jambo lolote la kuangalia?"

"Uangalie sana mlango wa kushoto," Nyundo alipaza sauti. "Pale chini. Una kazi yangu ule!"

"Una kazi?"

"Yangu mwenyewe! Si umeshaona?"

"Nimeona. Nimekuelewa, mpenzi. Niachie mimi."

Nyundo alikata simu moyo umejaa. Ameona. Siku zote alikuwa ameona, akanyamaza kwa heshima. Alirudi kwenye kazi akiimba ndani ya kelele.

Siku ya onyesho alivaa gauni la kijani lililomkaa mwilini kana kwamba lilipimwa na fundi bodi, viatu virefu, hereni zilezile za fedha. Ukumbi ulikuwa na zulia, taa nyeupe na watu wanaoongea huku wanaangalia pembeni. Magari mawili yalisimama katikati. Hata yeye alilazimika kukubali kwamba yalipendezana: jeusi limejikunja kama linataka kuruka, Bi Mkubwa ameketi kwa nafasi, mviringo na mweupe, hana la kumthibitishia mtu. Watu walianzia kwenye jeusi, wakamalizia kwa Bi Mkubwa, na kwake ndiko walikotabasamu.

Mchoraji alimwona, akaja mbio. "Umependeza mpaka nimesahau hotuba."

"Utaikumbuka," alisema Nyundo, na kwa mazoea mkono wake wa kushoto ukashuka kuusalimia mlango.

Mlango ulikuwa laini.

Akapitisha tena. Laini kuanzia bawaba hadi ukingo. Aliinama na gauni lake, akaangalia, taa za ukumbi zikateleza juu ya bati bila kusita.

"Nani kaugusa mlango huu?"

"Umeona, eh?" Mchoraji aliangaza uso mzima. "Niliwaambia watu wa rangi sitaki mchezo. Yale mabonyeo yote yamekwisha. Huwezi kujua kama yalikuwapo."

"Huwezi kujua," Nyundo alirudia.

"Hata kidogo. Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza." Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na wageni waliokuwa karibu wakanyamaza wasikie. "Mimi nilidhani unapenda magari. Kumbe unapenda kupiga pasi tu. Shati, mlango, na baadaye mimi."

"Fundi, subiri. Nimekosea wapi?"

"Hapo unapouliza."

Alivua viatu virefu akavitupa kiti cha nyuma, akaketi kwenye usukani, akawasha. Bi Mkubwa alikohoa moshi kidogo wa kihistoria juu ya zulia. Mtu mmoja mwenye beji alikuja akipunga mikono kwamba hairuhusiwi, Nyundo akateremsha kioo akamwambia, "Basi usiruhusu," akapanga gia. Wageni walipisha njia wenyewe, glasi mkononi, na Bi Mkubwa akatoka kwa mlango mkubwa mwendo wa harusi. Kwenye kioo cha nyuma Nyundo alimwona Mchoraji amesimama pale palipobaki pengo, pembeni ya gari lake zuri. Alilia alipofika barabara kuu, wala hakujificha.

Alimfunika Bi Mkubwa turubai mwisho wa gereji. Hakumgusa tena. Simu ya saa kumi na moja iliendelea kuita, naye aliiangalia inavyoita, Bwana Kitasa, Bwana Kitasa, mpaka inyamaze. Aliumia, na alijiambia bora kuumia ukiwa na umbo lako kuliko kupendwa ukiwa umesawazishwa. Mtu anayeona alama zake ni kasoro, angeanza na mlango na kumalizia na yeye.

Wiki ya tatu Shangazi aliipokea simu hiyo bila kuomba ruhusa, akaenda nayo jikoni, akarudi.

"Anasema wewe mwenyewe ulimwambia."

"Nilimwambia nini?"

"Kwamba mlango una kazi."

"Mwongo. Mimi nilimwambia auangalie."

"Sawa. Mimi ni tarishi tu," alisema Shangazi, na kumwacha na hayo.

Keshoye asubuhi aliingia mama mmoja mwalimu, mteja wa siku nyingi. Alikuwa amegusana na nguzo shuleni. Nyundo alizunguka gari lake, akapitisha glavu, akafikia upande wa dereva. Mdomo ukasema wenyewe, kama ulivyosema kila siku ya maisha yake:

"Mwalimu, huu mlango una kazi."

Akabaki ameshika mlango.

"Kubwa sana?" aliuliza mwalimu.

"Nini?"

"Hiyo kazi."

"Mwalimu," alisema Nyundo taratibu, "mtu akikwambia mlango una kazi yake, wewe utaelewaje?"

"Ya kwako? Nitaelewa umebonyea na wewe ndiye utakayeunyoosha. Kwani una maana nyingine?"

Nyundo aliketi juu ya lile tairi kuukuu. Akilini alimwona Mchoraji Jumamosi ile, kitambaa cha njano machoni, anarudia maneno ya gereji kama mwanafunzi. Ina kazi kidogo. Ina kazi kweli kweli. Yeye ndiye aliyemfundisha. Kisha akampigia kelele juu ya mashine kwamba mlango una kazi yangu, akimaanisha kazi ya mikono yake, na yule maskini wa Mungu, kwa mapenzi yote, akaelewa kigereji na akataka kumpunguzia mzigo. Wa kulaumiwa alikuwa yeye, mwalimu wake wa lugha.

Alikwenda mwisho wa gereji akavuta turubai. Hakujua anakwenda kuomba radhi kwa nani, kwa gari, kwa baba au kwa mtu aliye upande mwingine wa mji. Aliinama akaugonga mlango pale chini kwa kifundo cha kidole.

Haukulia kama bati. Ulitoa mlio mzito, mfu, wa debe lililojaa mchanga.

Akagonga juu zaidi: bati. Akagonga chini: mchanga. Puti. Hawakulinyoosha bati kabisa. Mlango huo umefungwa nyuma kwa bati la pili, nyundo haipiti, na watu wa rangi walifanya kama wanavyofanya watu wa rangi popote, wakayajaza mabonyeo kwa puti, ule uji mzito unaoganda, wakasugua, wakapaka. Fundi mzima wa bodi, binti wa fundi, alikuwa ameupapasa mlango ukumbini na hakuugonga hata mara moja. Hasira ilikuwa imemsahaulisha somo la kwanza la gereji, kwamba bati hugongwa kwanza.

Yote kumi na moja yalikuwa mle ndani. Yamefunikwa tu.

Hakungoja saa kumi na moja.

"Haloo," alisema Mchoraji, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kitu.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Toka. Njoo na msasa. Mkavu, ule wa mchanga mkubwa, halafu na mwembamba."

"Fundi, kwanza niseme..."

"Utasema ukiwa unasugua."

Alifika akiwa na msasa mkono mmoja na karatasi ndefu iliyoviringwa mkono wa pili. Shati halikupigwa pasi. Nyundo aliliona hilo na moyo wake ukafanya mambo ambayo hakuupa ruhusa kuyafanya.

"Nilikwambia mlango una kazi yangu," alisema kabla hajasalimiwa. "Nilimaanisha kazi niliyoifanya mimi. Nikiwa na miaka tisa. Hukukosea kuelewa, mimi ndiye niliyekosea kusema. Lakini ulikosea kutouliza. Unaona bonyeo kwenye gari ya fundi bodi, miezi minne, huulizi lilitoka wapi?"

"Niliogopa kuuliza. Nilidhani ni jambo linalokuumiza. Umeliacha mlangoni kwako miaka yote hiyo, nikadhani huna nafasi ya kulitengeneza, una ya watu tu." Alimeza mate kama siku ile kwenye foleni. "Nilitaka mtu mmoja akufanyie wewe."

Nyundo aligeuza uso upande wa ukuta kwa muda. "Piga magoti," alisema.

"Nikuombe msamaha?"

"Usugue. Mabonyeo yamo bado, chini ya puti."

Walipiga magoti wote wawili na kusugua kwa mkono, maana mashine ingekula bati. Rangi ya maziwa ikatoka, ikafuata ya kijivu, kisha vumbi la pinki la puti likaanza kuwapaka hadi kwenye nyusi. Nyundo alisugua akimsimulia: meza, rangi, nyundo ndogo, baba. Bonyeo la kwanza lilipojitokeza, duara dogo la pinki lililozungukwa na bati linalong'aa, Mchoraji alisimamisha mkono.

"Hili?"

"Hilo la kwanza. Nilipiga kwa woga."

"Na hili?"

"La pili. Hapo nilishapata kiburi."

Alicheka, akaendelea. Kufikia la saba alikuwa anayasafisha moja moja kwa ncha ya kidole, kwa umakini uleule aliochorea mstari wake. Nyundo alimwangalia, akasema lililokuwa moyoni.

"Sikiliza. Mimi nyundo siachi. Wala mikono yangu haitakuwa laini. Nikizeeka nitakuwa na mabonyeo zaidi ya haya. Kama unatafuta mstari usiokwaza mkono, endelea na lile jeusi."

Mchoraji aliifikia ile karatasi, akaikunjua sakafuni. Ulikuwa mchoro wa gari lake, mstari uleule toka taa hadi taa. Ila mlangoni, katikati ya mstari, kitasa kilikuwa kimetoka nje, kimekaa wazi, kinene kiasi cha kujaza kiganja.

"Wakubwa wamekataa," alisema. "Wamesema ninaharibu mstari. Nimewaambia hakipunguzwi hata unywele, au wamtafute mchoraji mwingine. Wana mpaka mwisho wa mwezi kuamua."

"Na wakikataa?"

"Nitakuja kusugua puti. Nasikia nina kazi mpaka kwenye chasisi." Hakutabasamu. "Nioe, Fundi. Na mikono hiyohiyo."

"Mwanamke haoi, anaolewa."

"Wewe hayo huwa huyafuati. Nimeona nikuombe unavyoishi."

Nyundo alirudi kwenye mlango. Alisugua la nane, la tisa, la kumi, bila kujibu, na Mchoraji akasugua naye bila kuuliza tena, jasho likimchora mistari usoni. La kumi na moja lilipotoka, alivaa glavu, akayapitia yote kwa kiganja cha kushoto, mwanzo hadi mwisho. Yalikuwapo. Kisha akanyoosha mkono mezani, akachukua ile nyundo ndogo ya utotoni, akampa.

"Piga nikuone."

"Hapa? Kwenye mlango?"

"Pembeni ya la mwisho. Moja tu."

Mtu aliyefuta mstari mara mia nne kwa sababu ya unene wa unywele alishika nyundo kwa mikono miwili, akakunja uso kama gari lake, akapiga. Bonyeo lilikaa upande, refu kuliko mengine, lenye mkia.

"Baya," alisema.

"Baya sana," alisema Nyundo. "Likae hapohapo." Na akamshika usoni kwa mikono yake yote miwili, vumbi na kila kitu.

Kishindo kilimtoa Shangazi nyumbani. Alisimama mlangoni mwa gereji, akawatazama wale watu wawili wa rangi ya pinki wamekaa sakafuni, akautazama mlango uliochubuliwa hadi bati, na kile kidonda kipya pembeni.

"Huo mlango sasa una kazi," alisema.

"Ndiyo, Shangazi," alijibu Nyundo, bila kumwachia mtu wake. "Una kazi yetu."